Makumi Tatu Ikikukuta Kalemie

Kasenga, Jumanne mchana

Nabintu mwanangu,

Umekwenda Rugenge kumuaga tantine yako, na ninavyomjua dada yangu, hatakuachilia kabla hajakulisha mara mbili. Ndiyo maana naandika sasa. Ukiwa hapa nyumbani siwezi kumaliza sentensi moja. Nafungua mdomo, wewe umekwisha kunijibu.

Barua hii nitaiweka juu kabisa ndani ya valizi, juu ya vikwembe, uione leo usiku utakapoongeza vitu vyako, usije ukasema hukuiona. Sitakuandikia habari ya chandarua, wala ya maji ya kuchemsha, wala namna ya kulinda simu yako kwenye boti. Baba yako anakuambia hayo tangu Ijumaa, na kesho pale bandarini Kalundu atayarudia mbele ya abiria wote, nawe utamwitikia vizuri kana kwamba unayasikia mara ya kwanza. Mimi nina neno moja tu, lile ulilolisema Jumapili mezani. Tangu siku hiyo sijaweza kushona mstari ulionyooka.

Ulisema: "Kama miaka makumi tatu inanikuta Kalemie sina kitu, musiningoje. Sitarudia hapa Uvira mikono mitupu."

Ulisema hivyo huku ukimega bugali, kama mtu anayeomba chumvi. Kisha ukaendelea kula.

Nabintu, umenichosha. Naandika hivyo nikiwa nimetulia, nimekunywa chai, sina hasira ya haraka. Umenichosha tangu ulipobandika lile karatasi gumu juu ya kitanda chako. Mwaka mzima nafagia chumba kile nikisomeshwa na ukuta. Kabla ya makumi tatu: kampuni yangu ya samaki wa ndagala. Kabla ya makumi tatu: parseli, kiwanja chenye jina langu. Kusema Kiingereza. Kujua kuogelea. Kukimbia mpaka Kavimvira na kurudi bila kusimama. Nilipoona hilo la kukimbia nilikaa kitandani na ufagio mkononi. Mpaka Kavimvira watu wanaenda kwa pikipiki, wanabadilisha pesa zao, wanarudi. Ni nani alikutuma ukimbie?

Nilikuuliza siku ile ile, unakumbuka.

"Kwa nini makumi tatu? Kwa nini si makumi tatu na mbili?"

"Mama, weye hauelewi. Muntu anajiwekea tarehe. Bila tarehe unalala tu."

"Nani amekuambia hivyo?"

Ukanionyesha kwenye simu kijana aliyevaa suti, amesimama mbele ya gari, anahubiri kwa Kifaransa cha Kinshasa.

"Na huyu iko na miaka ngapi?"

"Makumi mbili na sita."

"Basi hajafika huko. Anajuaje namna kuko?"

Ulicheka, na baba yako akacheka. Mimi sikuwa nachekesha mtu. Nilikuwa nauliza.

Ulikimbia wiki mbili, ukaamsha mbwa wote wa Kasenga, mguu ukavimba, nikakukanda mimi. Kiingereza ulikuwa ukinisemesha mimi jikoni, mimi ninayepatana bei na wateja kwa Kiswahili na Kifuliiru, na nikikosa kujibu unasikitika kana kwamba nimekutukana. Kuogelea, sawa. Mtu aliyezaliwa karibu na ziwa namna hii na hajui kuogelea ana haki ya kujionea aibu. Lakini ziwa hili halikuulizi umri.

Nisikilize vizuri, kwa sababu najua utamwambia baba yako kwamba mama hapendi miradi yako. Mradi wa ndagala ni mzuri. Niliuona tangu ulipokuja na ule wavu wa waya, ukaufunga kwenye miti, ukaanika samaki juu badala ya kuwamwaga mchangani kama tunavyofanya sote. Siku ulipopika ile sufuria ya kwanza, nilikula nikingoja mchanga kwenye meno. Nilingoja mpaka mwisho wa sahani. Haukuja. Sikukusifu siku ile, na hilo ni kosa, basi nakusifu leo. Watu wa Lubumbashi watanunua. Sashe zako, vile vipakiti, ni safi, na jina ulilolichapa juu yake linasomeka. Nenda Kalemie. Hakuna anayekuzuia, hata mimi.

Kinachonichosha ni ile tarehe. Umeifanya kama mpaka wa nchi, kwamba ikifika na huna karatasi kamili, unarudishwa. Na kilichonikosesha usingizi ni lile neno la musiningoje.

Sasa nitakuambia habari ambayo unaijua nusu.

Nilipokuwa na miaka makumi tatu na tatu, nilikuwa na mashini moja ya kushona, ile nyeusi ya miguu, na kibanda cha mbao kando ya barabara. Nilikuwa na diploma yangu ya sekondari, na niliona kwamba mtu aliyesoma hawezi kukaa na mashini moja maisha yote. Nikajiambia: kabla ya makumi tatu na tano, mashini tano. Sikubandika ukutani kwa sababu baba yako angecheka, lakini nilimwambia kila mtu. Niliwaambia wateja. Niliwaambia akina mama wa korali. Na nilipanda gari mpaka Sange kumwambia bibi yako. Alikuwa shambani anang'oa magugu kwenye muhogo. Nikamwambia: "Mama, nikitimiza makumi tatu na tano nitakuja na taksi, yako peke yako, bila abiria wengine. Nitakuleta Uvira, utakaa kwenye kiti mlangoni pa atelie yangu, watu wakusalimie."

Akasema: "Taksi nzima? Na kuku wangu watakaa wapi?"

Utanisamehe nikikuambia kwamba nilifika. Hiyo ndiyo nusu usiyoijua. Wewe unakumbuka mashini moja, kwa hiyo unafikiri nilishindwa. Sikushindwa. Wiki ya kutimiza miaka yangu nilikuwa na mashini tano zimepangwa kibandani, hata mlango haukufunguka vizuri.

Nilifikaje? Parokia yetu ilikuwa na jubilei, na korali ya akina mama ikanipa kazi ya sare, korali nzima. Malipo ya kazi ile ndiyo yangeninunulia mashini zilizobaki. Lakini kitambaa kilichelewa. Kilikuwa kinatoka ng'ambo, kikakwama kule mpakani, na kilipofika siku zilikuwa zimebaki chache kabla ya jubilei, na siku yangu mwenyewe ilikuwa ndani ya wiki ile ile. Kilikuwa kitambaa cha bei nafuu, kile chenye wanga mwingi, ukikikunja kinalia kama karatasi. Kila fundi anajua kitambaa cha namna ile kinataka nini. Unakiloweka usiku kucha. Unakianika. Unakipiga pasi. Ndipo unachukua makasi. Nilijua hivyo tangu siku ya kwanza nilipojifunza kazi, na msichana yeyote niliyemfundisha mimi, akikata kitambaa kikavu kabla ya kuloweka, namfukuza siku hiyo hiyo.

Nilikikata kikavu. Nilikipanga safu juu ya safu mezani na kukikata.

Jubilei ilikwenda vizuri. Korali ilipendeza hata Padri alisimama kuwapongeza, na mimi nikakaa benchi la nyuma nikijipongeza. Wakanilipa. Nikaleta mashini. Siku yangu ilipofika tukanywa Fanta mimi na baba yako na wewe katikati ya mashini tano, na wewe ulilala juu ya mabaki ya kitambaa.

Kisha akina mama wakafua.

Pentekoste walivaa tena kwa maandamano. Nilianza kuwaona wakiwa bado mbali, kwenye kona. Walikuwa wanatembea kwa hatua fupi, wote pamoja, kama watu waliofungwa magoti. Mikono ya bulauzi ilikuwa imepanda juu ya viwiko. Mama Prezida wa korali, unamjua, mwanamke mpana mwenye sauti, alifika mbele ya altare, akainua mikono miwili kuanzisha wimbo, na kanisa zima likasikia mshono ukipasuka chini ya kwapa. Akashusha mikono. Akaanzisha wimbo na kidole kimoja.

Padri alisoma Injili akijiuma mdomo. Watoto hawakujiuma kitu.

Nje alinikuta kabla sijafika barabarani.

"Mama Nabintu! Weye ulitushonea nguo ao ulitufunga kamba?"

"Ilikuwa inawatosha siku ya jubilei."

"Siku ya jubilei tulikuwa hatujafua! Ulitaka tusifue? Tuvae mpaka siku ya kufa?"

Mwingine nyuma yake akasema: "Acha, Mama Prezida. Labda ni sisi tulinona ndani ya wiki mbili." Wakacheka wote, na kicheko kile kilinipata kuliko matusi.

Nilishona sare zote upya kwa kitambaa nilichonunua mwenyewe, safari hii nikikiloweka vizuri kabisa. Mashini nne ziliondoka moja baada ya nyingine. Nikabaki na ile nyeusi. Sikulalamika, na hata leo silalamiki. Nguo inashonwa tena. Kama ingekuwa ni mashini tu, nisingekuandikia, ningekusimulia tukicheka.

Tatizo ni Sange.

Nilikuwa nimemwahidi mama yangu taksi na kiti mlangoni pa atelie, na sasa sikuwa na atelie. Nikasema nitakwenda nikishapata angalau mashini ya pili. Yule mama aliyekuwa akileta mchele kutoka kwenye bonde la Sange alifika kwangu mlangoni: "Mama yako anasema anangoja ile gari." Nikasema: "Mwambie kazi ni nyingi." Akarudi tena: "Anasema hata bila gari." Nikasema: "Mwambie kazi ni nyingi, nitakuja." Mara ya tatu akasema: "Anasema macho yanamuuma." Nikampa kitambaa cha kujifunika kichwa ampelekee, kizuri, na salamu.

Sange si Kalemie. Unatoka asubuhi, unamsalimia mtu, unakula, unarudi kabla jua halijawa kali. Mimi nilikaa karibu mwaka mzima bila kwenda. Unajua kwamba tangu sekondari naandika kila siku daftari langu, na tarehe juu. Juzi, baada ya maneno yako ya mezani, nilifungua kurasa za mwaka ule. Kuna mvua, kuna bei ya uzi, kuna majina ya waliokuja kupimwa. Sange haimo. Sikuthubutu kuandika jina lake hata mahali ambapo hakuna msomaji.

Nilikwenda mwishowe kwa sababu baba yako alinishika mkono akanipandisha garini, na wewe ukiwa mapajani mwangu. Tulimkuta amekaa mbele ya nyumba, anachambua maharagwe kwa vidole. Alikuwa ameelekeza uso barabarani. Nilisimama mbele yake.

"Nani huyo?"

"Ni minye, mama."

"Minye nani?"

Nilifikiri ananikasirikia. Nilifikiri ananiadhibu, na nikaona ni haki yake. Kisha akanyoosha mkono, akagusa tumbo langu badala ya bega, akapanda nao polepole mpaka usoni, akapapasa mashavu.

"Umekonda," akasema. "Mashini zinakula chakula chako?"

Nikamwambia kila kitu pale pale nimepiga magoti: kitambaa, korali, Pentekoste, Mama Prezida na kidole chake kimoja. Alicheka mpaka maharagwe yakamwagika. Kisha akasema: "Na hiyo ndiyo ilikuzuia kuja? Minye nilikuomba mashini lini?"

Nilimleta Uvira siku ile ile, kwa taksi iliyojaa abiria na mihogo. Muuguzi wa macho alimtazama kwa muda mrefu. Alisema ni ugonjwa wa presha ndani ya jicho, kwamba kuna dawa ya matone, lakini dawa inalinda kilichobaki tu, kilichokwenda hakirudi. Akaniuliza: "Alianza kulalamika lini?" Bibi ndiye aliyejibu: "Hatukumbuki."

Wewe ulikua ukimshika bibi mkono kumpeleka msalani, na ulidhani hakuwahi kuona. Alikuwa anaona vizuri, Nabintu. Alikuwa anaona magugu madogo kuliko mimi. Aliacha kuona katika miezi ile niliyokuwa najificha, kwa kuwa niliona haya kumwonyesha uso wangu bila mashini tano. Na kwa hiyo uso wangu hakuuona tena.

Sasa unaelewa kwa nini niliinuka mezani Jumapili nikaenda kuosha sufuria safi.

Sikuambii uache kujiwekea mipango. Jiwekee. Hata mimi, umri huu, nimejiwekea kwamba nitajifunza kukata koti la mwanaume kabla macho yangu hayajachoka, na nikikosa, nitakuwa nimeharibu makoti kadhaa ya baba yako. Lakini nakujua. Najua kwamba karibu na siku yako utapata komande kubwa ya mteja wa Lubumbashi, na mvua itakuwa inanyesha, na ndagala hazitakuwa zimekauka ndani. Utazigusa juu, utaona zinatosha. Utajiambia: siku moja zaidi juani na tarehe yangu imepita. Siku hiyo, mwanangu, kumbuka mama yako na makasi. Mpigie simu yule mteja umwambie utachelewa. Atafoka. Acha afoke. Sashe ikifunguliwa ikiwa na ukungu, hakuna atakayeuliza ulikuwa na miaka mingapi.

Hilo ni la kazi, na la kazi utalijua mwenyewe, una akili kuliko mimi nilivyokuwa. Ninalokuomba ni lingine.

Baba yako hakukujibu Jumapili. Unajua hapendi kujibu. Lakini usiku wa siku hiyo aliniuliza: "Amesema tusimungoje?" Nikasema ni maneno ya vijana. Asubuhi, anafunga kamba ya valizi yako, akaniuliza tena: "Alisema tusimungoje kabisa, ao tusimungoje siku ile?" Mwanaume mzima, amekaa chini na kamba mkononi, anatafuta mahali pa kupita ndani ya sentensi yako. Mimi naweza kukugombeza kwa barua. Yeye hana barua. Ana Kalundu tu, kesho, na ile dakika kabla hujapanda.

Basi kesho, atakapomaliza habari ya chandarua, mwambie kwamba siku ya makumi tatu utakuwa hapa. Usimwambie kwamba utajitahidi. Usimwambie kwamba itategemea biashara. Mwambie utakuja, na ueleze kwamba hata boti ikichelewa, utakuwa njiani. Mimi si lazima uniambie. Nitamwangalia yeye, nitajua kama umesema.

Na kama siku hiyo utakuwa na kampuni, parseli, Kiingereza na kuogelea, tutashukuru Mungu, na nitakubali mbele ya dada yangu kwamba nilikusumbua bure. Kama utakuwa na kimoja, tutakula. Kama huna hata kimoja, nisikilize. Watu wetu wanaorudi bila kitu wanapenda kufika usiku. Wanashuka bandarini, wanangoja giza, wanapita njia za nyuma wasionwe, na asubuhi jirani anashtuka kumwona mtu uani. Usinifanyie hivyo. Shuka mchana. Pita barabara kubwa na valizi yako kichwani, hata kama ni nyepesi. Akikuuliza Mama Prezida umeleta nini, mwambie umejileta. Ingia kwa mlango wa mbele. Sombe itakuwa motoni tangu asubuhi, maana mimi siku hiyo nitapika hata kama hujaniambia kitu, hata kama simu yako imezimwa, hata kama mtu ameniapia kwamba hukupanda boti.

Nitakugombeza, usifikiri umeponyoka. Nitaanza na mguu uliovimba na nitafika kwenye lile neno lako la mezani. Lakini nitakugombeza ukiwa umekaa, na unakula.

Mama yako